Mwendokasi Haubadiliki, Mchapuko Unatoka Wapi?

Ndugu msomaji, umeuliza hivi: kitu kinachozunguka kwenye duara kwa mwendokasi uleule wakati wote husemwa kuwa na mchapuko, tena mchapuko unaoelekea kitovu. Ikiwa mwendokasi hauongezeki wala haupungui, mchapuko huo unatoka wapi? Ikiwa kweli unaelekea kitovu, mbona kitu chenyewe hakifiki huko? Na je, kanuni ya v²/r, ambapo v ni mwendokasi na r ni nusukipenyo cha duara, inabaki kuwa sahihi pale mwendokasi unapobadilika njiani? Maswali yako matatu yana mzizi mmoja, nao ni mazoea ya kuuona mchapuko kama kuongeza mwendo tu, mazoea ambayo yanatosha kwenye mstari ulionyooka lakini yanavunjika mara njia inapoanza kupinda.

Mchapuko hupima jinsi velositi inavyobadilika, na velositi ni vekta, yaani ina kiasi na ina mwelekeo. Mwendokasi ni kile kiasi peke yake. Chukua gari linaloelekea kaskazini kwa mita 15 kwa sekunde, likapita kwenye kona na kutokea upande wa pili likielekea mashariki kwa mita 15 zilezile kwa sekunde. Mshale wa dashibodi haukusogea hata kidogo, lakini velositi imebadilika, na badiliko hilo lina ukubwa unaoweza kukokotolewa: ili kuipata velositi ya pili kutoka ya kwanza ni lazima kuondoa mita 15 kwa sekunde za kaskazini na kuongeza mita 15 kwa sekunde za mashariki, jambo linalotupa badiliko la takribani mita 21.2 kwa sekunde lenye kuelekea kusini-mashariki. Badiliko hilo limeuzidi hata mwendokasi wenyewe wa gari. Ukiangalia mchoro wa kona hiyo utaona kwamba kusini-mashariki ndiko kiliko kitovu cha duara ambalo kona hiyo ni sehemu yake, ukitazama kutoka katikati ya kona.

Kabla ya kwenda mbali, tuhakikishe tunakubaliana kuhusu mwelekeo wa velositi. Katika kila nukta ya njia, velositi huelekea kwenye tanjenti, yaani ule mstari ulionyooka unaoigusa njia katika nukta hiyo bila kuikata. Jiwe lililofungwa kwenye kamba na kuzungushwa, kamba ikikatika, haliruki kwenda nje moja kwa moja kutoka kitovuni, bali huondoka kwenye tanjenti ya nukta lilipokuwa wakati kamba ilipokatika. Kwenye duara, tanjenti hukaa kwa pembemraba na nusukipenyo kinachofika kwenye nukta hiyo, na uhusiano huo mdogo ndio unaobeba karibu kila kitu kitakachofuata.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe, maana naamini mtu akiifanya kwa mkono wake mara moja, swali lako la kwanza halimsumbui tena. Chukua duara lenye nusukipenyo cha mita 10 na kitu kinachopita juu yake kwa mwendokasi thabiti wa mita 5 kwa sekunde. Kiache kisafiri kwenye tao la nyuzi 60. Chora velositi ya mwanzo na velositi ya mwisho kama mishale miwili yenye urefu wa 5 kila mmoja, kisha iweke mikia yake mahali pamoja. Mishale hiyo inaachana kwa nyuzi 60, kwa sababu nusukipenyo kimegeuka nyuzi 60 na tanjenti, inayokaa nacho kwa pembemraba daima, imelazimika kugeuka kiasi hichohicho. Mstari kutoka ncha ya mshale wa kwanza hadi ncha ya mshale wa pili ndio badiliko la velositi, na kwa kuwa pembetatu iliyopatikana ina pande zote sawa, badiliko hilo ni mita 5 kwa sekunde. Tao lenyewe lina urefu wa mita 10.47, hivyo safari ilichukua sekunde 2.094. Gawa, na utapata mchapuko wa wastani wa mita 2.39 kwa sekunde kila sekunde.

Rudia hesabu hiyo kwa tao la nyuzi 10: badiliko la velositi ni mita 0.8716 kwa sekunde, muda ni sekunde 0.3491, na wastani unakuwa 2.497. Kwa tao la nyuzi 1 wastani ni 2.49997. Tarakimu hizi haziyumbi ovyo, bali zinakaribia 2.5 kwa utulivu kadiri tao linavyofupishwa, na 2.5 ndiyo hasa v²/r, yaani mraba wa 5 ukigawanywa kwa 10. Inafaa pia kuona kinachotokea upande wa pili. Kwa nusu duara wastani huanguka hadi 1.59, na kwa duara zima ni sifuri kabisa, maana kitu kimerudi na velositi ileile kiliyoanza nayo. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba mchapuko ni v²/r, fahamu kwamba ni mchapuko wa papo hapo unaozungumziwa, wala si wastani wa safari ndefu. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuchanganya hivyo viwili.

Mwelekeo nao unajieleza katika mchoro uleule. Badiliko la velositi kwenye tao lolote huwa sambamba na nusukipenyo kinachopita katikati ya tao hilo, na huelekea ndani. Tao likifupishwa hadi likaribie kuwa nukta, katikati yake na ncha zake hazitofautiani tena, na mchapuko unabaki ukiangalia kitovu moja kwa moja kutoka mahali kitu kilipo. Kwa maandishi ya jumla, pembe ndogo Δθ ikipimwa kwa radiani, yaani urefu wa tao ukigawanywa kwa nusukipenyo, badiliko la velositi hukaribia vΔθ na muda uliotumika ni rΔθ/v. Ukigawa la kwanza kwa la pili, Δθ inafutika na kubaki v²/r. Hakuna hatua iliyodai kani, uzito au aina ya kitu. Kanuni hii ni ya jiometri tupu, na ndiyo sababu inafanya kazi sawasawa kwa gurudumu, kwa gari na kwa sayari.

Swali lako la pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa ndilo lililofungua mlango wa kuelewa mwendo wa magimba ya angani. Umeuliza kwa nini kitu hakifiki kitovuni. Jibu ni kwamba mchapuko hauambii kitu kiende wapi. Huiambia velositi ibadilike kuelekea wapi. Kitu chenye velositi tayari kina safari yake, na mchapuko hukiondoa tu kwenye mstari ambao kingeufuata kama kingeachwa.

Tuupime Mwezi. Umbali wake wa wastani kutoka kitovu cha Dunia ni kilomita 384,400, nao huzunguka kwa siku 27.3, kwa hiyo mwendokasi wake ni takribani kilomita 1.02 kwa sekunde. Mraba wa mwendokasi huo ukigawanywa kwa umbali hutoa mchapuko wa karibu 0.0027 m/s², yaani mita kwa sekunde kila sekunde. Katika sekunde moja, basi, Mwezi husonga mbele zaidi ya kilomita moja, na katika sekunde hiyohiyo huanguka kuelekea Dunia milimita 1.36 tu kutoka kwenye tanjenti yake. Unaanguka kweli, na hauachi kuanguka. Lakini milimita 1.36 ndicho kiasi kamili ambacho duara lenye nusukipenyo hicho hujitenga na tanjenti yake katika umbali wa kilomita 1.02, kwa hiyo baada ya kuanguka huko Mwezi unajikuta mbali na Dunia vilevile kama ulivyokuwa, na sekunde inayofuata kitovu kiko upande uliogeuka kidogo na anguko jipya linaanza. Kama mchapuko ungekuwa mdogo zaidi kwa mwendokasi huohuo, Mwezi ungejisogeza mbali. Kama ungekuwa mkubwa zaidi, ungejivuta ndani. Duara hupatikana pale tu viwili hivyo vinapolingana.

Christiaan Huygens wa Uholanzi aliufikia uhusiano wa v²/r mwaka 1659 na kuuchapisha mwaka 1673. Isaac Newton, aliyeufikia kwa njia yake mwenyewe, aliutumia kwa swali lililokuwa kubwa zaidi: je, kinachouvuta Mwezi ni kilekile kinachoangusha vitu hapa juu ya ardhi? Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia karibu mara 60 ya nusukipenyo cha Dunia. Ikiwa mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, mchapuko wa 9.8 m/s² tulionao hapa unapaswa kupungua mara 3,600 ukifika huko. Gawa 9.8 kwa 3,600 na utapata 0.0027. Ni tarakimu ileile tuliyoipata kutokana na jiometri ya duara, bila kugusa suala la mvutano hata mara moja. Newton alichapisha ulinganisho huo mwaka 1687, nami sijaona mahali pengine ambapo mgawanyo mmoja mwepesi umebeba uzito kama huu.

Hapa kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini litakukuta karibuni. Mchapuko huo unaweza kuandikwa kwa namna mbili, v²/r au ω²r, ambapo ω ni velositi ya pembe, yaani radiani zinazopitwa kwa kila sekunde, na v = ωr. Kanuni ya kwanza inaonekana kusema kwamba duara likipanuka mchapuko unapungua, na ya pili inaonekana kusema kinyume chake. Zote mbili ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake. Nukta mbili kwenye diski moja inayozunguka zina ω moja, kwa hiyo ile iliyo mbali mara mbili na kitovu ina mchapuko mara mbili. Magari mawili yanayopita kwenye kona mbili tofauti kwa mwendokasi mmoja yana v moja, kwa hiyo lile lililo kwenye kona yenye nusukipenyo mara mbili lina mchapuko nusu. Kabla ya kusema nusukipenyo kinafanya nini, amua kwanza ni kipi ambacho hakibadiliki.

Na kwa kuwa tumetaja kona, angalia mraba ulio juu ya v. Kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 50, gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kwa sekunde, linahitaji mchapuko wa 2 m/s² kuelekea ndani ya kona. Likienda kilomita 72 kwa saa, linahitaji 8 m/s². Mwendokasi umeongezeka mara mbili na mahitaji yameongezeka mara nne. Ikiwa barabara haikuinamishwa, kani inayotoa mchapuko huo ni msuguano kati ya tairi na lami peke yake, na 8 m/s² ni karibu na kikomo cha tairi nzuri kwenye lami kavu. Lami ikilowa, kikomo kinashuka chini ya hapo, na gari lisilopata mchapuko linaoudai hufuata tanjenti, yaani linatoka barabarani. Kani ya kuelekea kitovu, basi, si kani ya ziada ya kuchorwa kando ya nyingine kwenye mchoro. Ni jina la kazi ambayo msuguano, mkazo wa kamba au mvutano wa Dunia umeifanya. Abiria anayejihisi kusukumwa nje hasukumwi na kitu chochote kinachotoka ndani ya kona: mwili wake unaendelea kwenye tanjenti huku gari likigeuka chini yake, mpaka mlango au kiti kimgeuze naye.

Sasa swali la tatu. Mwendokasi ukibadilika, v²/r haifi. Inabaki kuwa sahihi kila nukta ya wakati, ilimradi utumie v ya wakati huohuo, ila haiwi tena mchapuko wote. Vekta yoyote ya mchapuko inaweza kugawanywa katika sehemu mbili: moja inayofuata tanjenti na nyingine inayoelekea kitovu. Sehemu ya tanjenti hubadilisha kiasi cha velositi bila kuigeuza, nayo ni kiwango cha badiliko la mwendokasi. Sehemu ya kitovu huigeuza velositi bila kubadilisha kiasi chake, nayo ni v²/r. Hazidaiani chochote na wala hazichanganyiki, kwa sababu zinakaa kwa pembemraba. Ukubwa wa mchapuko wote unapatikana kwa kanuni ya Pythagoras.

Tulirudie duara letu la mita 10, safari hii kitu kikianza kikiwa kimetulia na mwendokasi wake ukiongezeka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Papo kinapoondoka, v ni sifuri, kwa hiyo mchapuko wote uko kwenye tanjenti na hauelekei kitovu hata kidogo. Baada ya sekunde 2, v ni 4, sehemu ya kitovu ni 1.6, na mchapuko wote ni takribani 2.56 m/s², ukiwa umeinama kuelekea ndani kwa nyuzi 38.7 kutoka kwenye tanjenti. Baada ya sekunde 5, v ni 10, sehemu ya kitovu imefika 10, na mchapuko wote, takribani 10.2, umeinama nyuzi 78.7, yaani unakaribia kuangalia kitovu ingawa sehemu ya tanjenti haijabadilika tangu mwanzo. Kuna uzuri uliojificha humo. Kwa kitu chochote kinachoanza kutoka utulivu na sehemu ya tanjenti ikiwa thabiti, uwiano wa sehemu ya kitovu kwa sehemu ya tanjenti ni mara mbili ya pembe iliyokwisha kupitwa, ikipimwa kwa radiani. Hauhitaji kujua nusukipenyo wala ukubwa wa mchapuko. Jaribu: katika sekunde 2 kitu kimesafiri mita 4, ambazo ni radiani 0.4, na uwiano wa 1.6 kwa 2 ni 0.8.

Mfano mwingine unaopaswa kuutazama kwa karibu ni uzito unaobembea kwenye uzi, kwa kuwa humo sehemu zote mbili hubadilika na kupeana nafasi. Uvute uzito hadi uzi ufike nyuzi 60 kutoka wima, kisha uachie. Wakati ule wa kuachia velositi ni sifuri, hivyo sehemu ya kitovu haipo, lakini mchapuko upo, nao ni 8.5 m/s² kwenye tanjenti. Kitu kilichosimama kwa nukta moja ya wakati kinaweza kabisa kuwa na mchapuko. Uzito unapofika chini kabisa, mvutano wa Dunia hauna tena sehemu yoyote inayofuata njia, kwa hiyo sehemu ya tanjenti imeisha na mwendokasi uko kwenye kilele chake. Sehemu ya kitovu nayo, kwa pembe hii ya nyuzi 60, inakuwa 9.8 m/s² barabara, kuelekea juu, hata uzi uwe mrefu au mfupi. Uzi pale unabeba uzito mara mbili: mara moja kuuzuia usianguke, na mara ya pili kuugeuza. Anayedhani kwamba mwendokasi ukiwa mkubwa kabisa mchapuko lazima uwe sifuri hujikwaa hapo.

Mwisho, njia isiyo duara. Si lazima ujifunze kanuni mpya. Katika kila nukta ya njia yoyote iliyopinda kuna duara moja linaloikumbatia njia hiyo vizuri kuliko mengine yote, na nusukipenyo chake huitwa nusukipenyo cha mpindo. Weka hicho mahali pa r, na mgawanyo uleule wa sehemu mbili unaendelea, isipokuwa kitovu cha duara hilo sasa husogea kadiri kitu kinavyosonga. Mpira uliorushwa kwa mita 20 kwa sekunde kwenye pembe ya nyuzi 45, ukipuuza ukinzani wa hewa, una mchapuko mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, 9.8 kuelekea chini. Unapoondoka mkononi, sehemu ya mchapuko huo iliyo kwa pembemraba na velositi ni 6.93, hivyo nusukipenyo cha mpindo ni mita 57.7, na sehemu inayobaki, 6.93 nyingine, inakwenda kinyume na velositi na kuupunguzia mpira mwendo. Unapofika juu kabisa, mwendokasi umebaki mita 14.1 kwa sekunde, mchapuko wote uko kwa pembemraba na velositi, na nusukipenyo cha mpindo kimeshuka hadi mita 20.4. Ndiyo maana njia yake imejikunja zaidi pale juu kuliko mahali pengine popote, na ndiyo maana hapo, kwa nukta moja ya wakati, mpira unapita sawasawa na kitu kinachozunguka kwenye duara kwa mwendokasi thabiti.